Je, Wajua? Mionzi Iliyopitia Kwenye Maziwa

Je, wajua kuwa plutoni ya bomu lililoangushwa Nagasaki mwaka 1945 ilitengenezwa kwenye kiwanda cha Hanford, jimbo la Washington, Marekani? Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo.

Je, wajua kuwa mabomba ya moshi ya Hanford yalimwaga hewani zaidi ya kyuri 700,000 (kyuri ni kipimo cha mionzi) za iodini 131, aina ya iodini yenye mionzi, nyingi kati ya 1944 na 1947?

Je, wajua iliwafikiaje watu? Ilitua kwenye majani, ng'ombe wakayala, watoto wakanywa maziwa. Mwili hauwezi kuitofautisha na madini joto ya kwenye chumvi, hivyo huihifadhi kwenye tezi ya thairoidi, shingoni. Tezi ya mtoto ni ndogo, kwa hiyo huumia zaidi.

Je, wajua kuwa Desemba 1949 Hanford iliachia iodini hiyo makusudi, ili kujaribu mbinu za kuipeleleza mitambo ya nyuklia ya Kisovieti? Wakazi hawakuambiwa hadi 1986.

Je, wajua kuwa kila siku 8 nusu ya iodini 131 hutoweka? Wataalamu walipokuja kupima mionzi miaka mingi baadaye, hawakukuta chochote cha kupima. Ilibidi wakokotoe kutokana na kumbukumbu za kiwanda, mwelekeo wa upepo na malisho, na kuwauliza akina mama: mwanao alikunywa maziwa ya ng'ombe wa nyumbani au ya dukani? Ya dukani yalikawia njiani na kuchanganywa na ya mbali, hivyo mionzi yake ilikuwa pungufu.

Je, wajua kuwa utafiti wa watu 3,440 waliozaliwa kati ya 1940 na 1946, uliokamilika 2002, haukuona magonjwa ya tezi yakiongezeka kwa waliopata mionzi mingi? Lakini matokeo ya kundi hayamwambii mgonjwa mmoja chanzo cha ugonjwa wake.

Je, wajua kuwa kinu cha Windscale, Uingereza, kilipoungua Oktoba 1957, serikali ilipiga marufuku maziwa ya mashamba ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 500, yakamwagwa? Hanford nako, kuacha maziwa ya ng'ombe wa nyumbani wakati iodini ikimwagwa kungewapunguzia watoto wengi mionzi. Jirani wa kinu ana haki ya kuambiwa siku ileile, wakati bado anaweza kukiweka kando kikombe cha mwanawe.