Upatanisho wa Ndoa Ukishindikana, Dhamana Hufutwa?

Nchini India, ukatili wa mume au wakwe dhidi ya mke ni kosa la jinai. Kifungu cha 498A kiliingizwa katika sheria mwaka 1983, na tangu Julai 2024 nafasi yake imechukuliwa na kifungu cha 85 cha sheria mpya ya jinai. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 3 pamoja na faini. Kesi nyingi huzuka kwa sababu ya mali ambayo familia ya bibi harusi hushinikizwa kuwapa wakwe, desturi iliyopigwa marufuku mwaka 1961 lakini haijakoma.

Dhamana ya kosa hili hutolewa na mahakama, si haki ya kudai kituo cha polisi. Ndiyo maana mume, mara nyingi pamoja na wazazi wake, huiomba hata kabla ya kukamatwa. Upatanisho huingilia hapo. Wakili humweleza jaji kwamba mteja wake yuko tayari kumrudisha mkewe nyumbani. Jaji, kwa kutaka kuinusuru ndoa, huwapeleka wawili hao kwa wasuluhishi na kumwacha mume nje kwa dhamana. Mazungumzo yakivunjika, mke hurudi mahakamani kuomba dhamana ifutwe, kwa hoja kwamba mume hakutimiza ahadi.

Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya India iliikataa hoja hiyo. Mume mmoja alikuwa amefutiwa dhamana kwa madai ya kukiuka mapatano. Majaji walimrudishia, wakieleza kuwa sheria haitambui dhamana inayotolewa, wala kufutwa, kwa msingi wa suluhu ya wanandoa. Kazi ya dhamana ni kuhakikisha mshtakiwa anafika mahakamani na kesi haivurugwi. Mwaka 2009 mahakama hiyohiyo iliondoa sharti lililomtaka mume alipe matunzo ili apate dhamana, na mwaka 2024 ikafuta sharti jingine lililomtaka aahidi kumtimizia mkewe mahitaji yote.

Msimamo huu ni wa haki kwa pande zote mbili. Mume anayemrudisha mke kwa hofu ya jela hajapatana naye, na anayeumia zaidi ni mwanamke anayerudishwa katika nyumba ileile aliyoikimbia.

Hata hivyo dhamana si kinga. Mume akimtisha mke au mashahidi, akiharibu ushahidi, akitoroka au akirudia ukatili, mahakama inaweza kuifuta, mradi mwombaji aonyeshe sababu nzito zilizotokea baada ya dhamana kutolewa. Malalamiko ya jumla hayatoshi. Ujumbe wa vitisho uliohifadhiwa au taarifa iliyoandikishwa polisi huwa na uzito zaidi. Njia nyingine ni kuonyesha kuwa amri yenyewe ya dhamana ilikosewa tangu mwanzo, kwa mfano jaji alipopuuza ushahidi muhimu. Hapo hakuna haja ya kuthibitisha tukio jipya.

Madai ya matunzo, makazi na ulinzi yana mlango wake. Sheria ya mwaka 2005 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili wa nyumbani humwezesha hakimu kumkataza mume asimkaribie mke, au kuamuru mke asifukuzwe katika nyumba waliyoishi pamoja. Maombi hayo husikilizwa bila kungoja kesi ya jinai iishe, iwe mume yuko rumande au yuko nje kwa dhamana.