Shujaa, steringi na fidhuli: namna ya kuieleza filamu ya Deadpool kwa Kiswahili

Tuseme mzazi mmoja wa Sengerema amemaliza shughuli zake mjini Mwanza na anangoja kivuko cha Kamanga. Kabla ya kuvuka anapita kwa muuza filamu na kuomba kitu cha kuwafurahisha watoto. Anapewa diski yenye picha ya mtu aliyevaa vazi jekundu na kinyago, panga mbili mgongoni. Juu ya jalada pameandikwa kwa kalamu: "Muvi ya mashujaa. Vichekesho. Imetafsiriwa." Hakuna neno la uongo hapo. Lakini mzazi huyo akiyategemea maneno hayo peke yake, usiku ule sebule yake itajaa matusi ya nguoni, viungo vya watu vilivyokatwa na mambo ya chumbani, na watoto wameketi mkekani pamoja na bibi yao.

Filamu tunayoizungumzia ni Deadpool. Makala haya yanachambua maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya kazi ya namna hiyo: jina la kitu chenyewe, kitenzi cha kueleza kuwa kimetoka, jina la mhusika wake mkuu, na jina la ucheshi wake. Neno la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo ndilo lililokosekana pale kivukoni.

Filamu yenyewe kwa ufupi

Deadpool ni mhusika wa vitabu vya katuni vya Marekani, aliyebuniwa na Fabian Nicieza na Rob Liefeld na kutokea kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Filamu yake ya kwanza iliongozwa na Tim Miller, na Ryan Reynolds akaigiza nafasi ya Wade Wilson, mwanajeshi wa zamani aliyegeuka mamluki. Wilson anagundulika kuwa na saratani, anakubali kufanyiwa majaribio, na anatoka humo akiwa na uwezo wa kupona jeraha lolote, ila sura yake imeharibika. Sehemu kubwa ya hadithi ni safari yake ya kulipiza kisasi.

Filamu hiyo iliingia katika majumba ya sinema mwezi Februari 2016, kisha ikatolewa katika diski za kutazamia nyumbani tarehe 10 Mei 2016 huko Marekani. Filamu ya pili ilifuata mwaka 2018, na ya tatu, Deadpool & Wolverine, mwaka 2024. Nchini Marekani filamu ya kwanza iliwekwa katika daraja linalomtaka mtoto aliye chini ya miaka 17 aandamane na mzazi au mlezi; nchini Uingereza iliruhusiwa kwa wenye miaka 15 na kuendelea.

Filamu, sinema, picha, mkanda, muvi

Maneno haya hutumiwa kwa kubadilishana, lakini kila moja lina historia yake. Sinema lilianza kama jina la maonyesho na la jumba lake, ndiyo maana tunasema "kwenda sinema". Picha ni neno la wazee na la mapenzi. Mpaka leo tunasikia "picha la Kihindi", likiwa katika umbo la ukubwa ili kusifu urefu na uzito wa hadithi. Mkanda lilitokana na utepe wa video, na limedumu hata baada ya utepe kutoweka: mtu huweza kusema "mkanda ule ulinitoa machozi" ilhali aliutazama katika simu. Muvi ni neno la mitaani na sokoni. Filamu ndilo neno linalofaa zaidi katika maandishi rasmi. Liko katika ngeli ya [i-/zi-]: filamu hii, filamu hizi.

Uangalifu unahitajika katika kutaja toleo la kutazamwa nyumbani. Baadhi ya waandishi huandika "filamu ya nyumbani". Msomaji wa Kiswahili atadhani ni filamu iliyotengenezwa nyumbani, kama ile ya harusi au ubatizo, au iliyotengenezwa nchini. Ni afadhali kusema "toleo la kutazamwa nyumbani", au kutaja chombo chenyewe: "filamu imetoka katika DVD".

Kutoka, kutolewa, kuzinduliwa, kuachiwa

Kitenzi chepesi na kizuri kuliko vyote ni kutoka: "Filamu ilitoka mwezi Mei." Kikitajwa aliyeitoa, tunatumia kutolewa: "Ilitolewa na kampuni ya Twentieth Century Fox." Kuzindua kina maana ya kuamsha, pia kuondoa mtu katika bumbuwazi, hufaa palipo na hafla, wageni na hotuba. Diski iliyopangwa tu dukani haijazinduliwa.

Kuachia kimeenea sana katika habari za burudani: "ameachia wimbo mpya". Matumizi hayo yamekwisha kuzoeleka katika mazungumzo na hayana haja ya kupigwa vita. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, "filamu imeachiwa" huleta taswira ya mahabusu aliyefunguliwa, na kutoka hufanya kazi hiyohiyo bila mzigo.

Shujaa au steringi?

Shujaa, neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba sifa ya maadili pamoja na ile ya nguvu. Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, na Kenya tarehe 20 Oktoba. Wanaokumbukwa siku hizo ni watu waliojitoa kwa ajili ya wengine. Kumwita mtu shujaa ni kumheshimu.

Steringi, kwa upande mwingine, lilizaliwa mbele ya kioo cha video. Asili yake ni neno la Kiingereza lililokuwa likiandikwa kwenye matangazo ya filamu kabla ya jina la mwigizaji mkuu. Watazamaji wakalichukua likawa jina la mhusika mwenyewe. Liko katika ngeli ya [a-/wa-], na wingi wake ni masteringi. Steringi hatakiwi kuwa mwema. Anatakiwa kuwa ndiye hadithi inayemfuata mpaka mwisho, na kwa mujibu wa imani ya vibandani, steringi hafi. Hapo Deadpool anatimiza sharti hilo kuliko mtu yeyote, maana mwili wake hukataa kufa hata akiomba.

Tofauti hii ina uzito. Katika filamu, Colossus, jitu la chuma kutoka kundi la X-Men, humsihi Deadpool ajiunge na mashujaa na kuacha kuua ovyo. Deadpool humkatalia na kumcheka. Kwa hiyo anayeandika "shujaa Deadpool" amempa mhusika cheo ambacho mwenyewe amekikana. "Steringi" linasema kweli katika lugha ya mazungumzo; katika maandishi rasmi "mhusika mkuu" linatosha. Kwa aina nzima ya filamu za watu wenye uwezo usio wa kawaida, "filamu za mashujaa wa ajabu" ni maelezo yanayoeleweka.

Ngazi za ucheshi

Sasa tufike kwenye neno vichekesho. Kwa Mtanzania, neno hili limefungamana na watu kama marehemu Amri Athumani, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, ambaye vichekesho vyake vilitazamwa na babu na mjukuu katika chumba kimoja. Anayeandika "vichekesho" kwenye jalada anatoa, bila kukusudia, ahadi ya kwamba familia nzima inaweza kuketi. Lakini kicheko kina ngazi nyingi, na Kiswahili kina neno kwa kila ngazi.

Mzaha na masihara: maneno ya kuchekesha yasiyokusudia kuumiza. "Usikasirike, yalikuwa masihara tu."

Utani: mzaha wenye kibali. Hufanyika kati ya watu wenye uhusiano unaouruhusu, kama mtu na babu yake, au Wanyamwezi na Wazaramo, au mashabiki wa Simba na Yanga. Mtani husema jambo ambalo mwingine angelisema pangekuwa na ugomvi.

Kijembe: neno la mafumbo linalomchoma mlengwa huku msemaji akiweza kukana. Wapenzi wa taarabu wanalijua vema.

Kejeli: kusema jambo kwa namna ya kulipunguzia hadhi, mara nyingi kwa kusifu kinyume.

Dhihaka na stihizai: kucheka kwa kudharau. Dhihaka inatokana na neno la Kiarabu la kucheka. Stihizai ni kali zaidi na hutumika sana pale kinachochezewa ni kitu kinachoheshimiwa.

Ufidhuli: kukosa adabu kwa kujua. Fidhuli, wingi mafidhuli, ni mtu asiyeuheshimu mpaka wowote, wa umri, wa cheo wala wa mahali. Anaujua mpaka ulipo, naye anauvuka mbele ya macho ya watu.

Deadpool hupita katika ngazi zote hizi, lakini makazi yake ni ile ya mwisho. Humdhihaki adui, rafiki, kampuni iliyomtengeneza, na hata mwigizaji anayemwigiza. Filamu ya pili ilipotoka katika diski mwezi Agosti 2018, majalada maalumu yaliuzwa Marekani yakimwonyesha amejipachika katika picha za filamu nyingine zisizomhusu. Huo ndio ufidhuli hasa: kuingia nyumba ya mtu bila hodi na kuketi kwenye kiti cha mwenye nyumba. Kwa hiyo maelezo yanayofaa ni "filamu ya ucheshi wa kifidhuli", au kwa upole zaidi, "filamu ya kejeli".

Asidhani mtu kuwa ucheshi mkali ni ugeni katika kanda ya ziwa. Vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi vingi, hasa baada ya mavuno, na sherehe za Bulabo huko Bujora zimeendeleza mashindano hayo. Mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi, na nyimbo za kumkejeli mpinzani ni silaha mojawapo. Lakini pale kejeli ina uwanja wake, msimu wake na mpinzani aliyeikubali. Utani nao una watani. Fidhuli hana uwanja wala msimu, na ndiyo maana neno lake lapasa kutajwa mapema, kabla mlango haujafunguliwa.

Kusema na hadhira

Wahakiki wa filamu humsifu Deadpool kwa kuigeukia kamera na kusema na watazamaji. Wapo wanaoandika kwamba "anavunja ukuta wa nne", tafsiri ya neno kwa neno isiyomwambia kitu msomaji asiyejua jukwaa la tamthilia la Ulaya. Fasihi simulizi yetu ina maneno tayari: fanani na hadhira. Fanani wa ngano husimulia, huuliza, hujibiwa, hukatiza hadithi amseme aliyesinzia. Deadpool ni mhusika anayejitwalia kazi ya fanani. Tuseme basi "huigeukia hadhira" au "husema na hadhira".

Jambo hili lina mvuto wa pekee kwetu kwa sababu ya kazi ya watafsiri wa filamu. Nchini Tanzania, Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijulikana kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti za waigizaji. Nchini Kenya, DJ Afro amejijengea jina kwa kazi ya aina hiyo. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Hueleza, huonya, hutania, humpa adui jina la mtaani, na huwasemesha walioketi kwenye mabenchi ya kibanda umiza. Mtazamaji aliyekulia humo hatashangazwa na sauti inayosema naye katikati ya mapigano, kwa maana ameizoea.

Kwa sababu hiyo neno "imetafsiriwa" kwenye jalada lina maana pana kuliko ile ya kamusi. Msimulizi anaweza kulainisha tusi likawa kijembe. Anaweza pia kulinoa. Picha, hata hivyo, hubaki zilezile. Hakuna sauti inayoweza kuufunika mkono uliokatwa.

Ushauri wa matumizi

Tanzania imekuwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, na kuzipanga filamu kwa umri wa watazamaji ni sehemu ya kazi ya Bodi ya Filamu. Lakini daraja la umri huchapwa kwenye jalada halisi. Diski iliyonakiliwa, au faili iliyohamishiwa katika simu, huja bila jalada, na maelezo pekee yanayobaki ni maneno ya muuzaji. Hapo uchaguzi wa neno hugeuka kuwa ulinzi wa nyumba.

Badala ya "Muvi ya mashujaa. Vichekesho. Imetafsiriwa", tunapendekeza: "Filamu ya mapigano na ucheshi wa kifidhuli. Ina matusi, damu na mambo ya chumbani. Si ya watoto. Imesimuliwa kwa Kiswahili." Ni maneno machache, nayo hayamnyimi mtu mzima kicheko chake. Mzazi wa Sengerema akiyasoma ataamua kama diski hiyo ni ya kutazama watoto wakishalala, au kama avuke na kitu kingine.