Stesheni: Mji Mmoja, Reli za Vipimo Vitatu

Ukishuka SGR kutoka Dodoma, begi mgongoni na mfuko wa zabibu mkononi, nje ya geti utasikia: "Bosi, twende wapi?" Huyo ni bodaboda. Hujajibu, wa bajaji naye ameshashika begi. Kwa nini usibadilishe tu treni, kama tunavyobadilisha daladala Ubungo?

Jibu liko kwenye upana wa reli. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, ina milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa China, ina 1,067, ili mabehewa yaende hadi Zambia na kusini zaidi. SGR, iliyoanza kubeba abiria 2024, ina 1,435. Kati ya mbili za kwanza tofauti haifiki hata sentimita saba, lakini behewa la huku halipiti kule. Ndiyo maana mizigo inayotoka reli moja kwenda nyingine huhamishwa Kidatu, mkoani Morogoro.

Mzigo una winchi ya kuuhamisha. Abiria anajihamisha mwenyewe.

Hapa Stesheni afadhali, maana jengo la SGR lenye umbo la tanzanite na stesheni ya zamani viko jirani. Lakini kituo cha TAZARA kiko mbali, kule Nyerere na Mandela zinapokutana. Kufika huko ni daladala, foleni na nauli nyingine.

Pengo hilo linalisha watu. Mama lishe, wauza maji, makonda na vijana wa bodaboda wote wanaishi kwa abiria anayebadilisha usafiri. Kwa hiyo tukisema "stesheni ipangwe vizuri", tusimaanishe wafukuzwe. Wapewe sehemu yenye kivuli, maji na choo, pale abiria anapopita.

Upana wa reli hatuwezi kuubadilisha kesho. Lakini njia ya miguu isiyo na mashimo, kibao kinachoonyesha mwendokasi ya Gerezani iko upande gani, na ratiba zinazosubiriana havihitaji reli mpya. Wenzangu wa uhandisi na mipango miji mnaotafuta mada ya utafiti, anzieni hapo. Nendeni na begi zito, mtembee wenyewe, kisha ndiyo mchore ramani.