Kanisa Lisilo na Kinanda

Mimi ni mwalimu wa kwaya, Mlutheri wa kuzaliwa, kutoka upande wa Marangu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mojawapo ya mambo waliyotuachia ni mapenzi makubwa ya kuimba kwa sauti nne. Kwetu Krismasi haijafika mpaka matarumbeta yapigwe. Mtoto hujifunza nota za do re mi mapema, na akikua kidogo wazee huanza kubishana kama atafaa sauti ya tatu au besi. Ndiyo maana rafiki yangu wa Nairobi, fundi umeme ambaye ni Mworthodoksi tangu enzi za babu yake, aliponiambia kuwa kanisani kwao hakuna kinanda, hakuna gitaa, na ngoma haipigwi ndani ya ibada, nilimuuliza watu wanaimbaje.

“Ndugu yangu, wanaimba kwa mdomo,” akanijibu. “Kuja Jumapili usikie.”

Kanisa lao liko upande wa Riruta, magharibi mwa jiji, mtaa ule ule wenye seminari ya Kiorthodoksi iliyopewa jina la Askofu Mkuu Makarios wa Tatu wa Kupro. Tukiwa njiani nilimuuliza Wagiriki waliwafikiaje Wakikuyu. Akaniambia swali langu limekaa kichwa chini miguu juu: Wakikuyu ndio waliowatafuta Wagiriki.

Habari yenyewe inastahili kujulikana zaidi. Mwaka 1929 ulizuka mgogoro mkubwa kati ya misheni za Kiprotestanti na Wakikuyu kuhusu tohara ya wanawake. Tohara hiyo siitetei hata kidogo, lakini ugomvi ule ulibeba mengi zaidi yake: ardhi, shule, na swali la nani mwenye haki ya kumwamulia Mwafrika. Watu wengi walitoka misheni wakaanzisha shule na makanisa yao. Walikuwa na waumini na walikuwa na majengo, ila hawakuwa na mapadre. Mwaka 1935 wakamleta kutoka Afrika Kusini Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika. Akafundisha vijana, na mwaka 1937 akawapa daraja la upadre baadhi yao, akiwamo Arthur Gathuna. Uganda nako Reuben Spartas alikwisha kupata upadre kwa njia hiyo hiyo miaka michache kabla. Lakini wanaume hawa walikuwa bado wakitafuta kanisa la kale, lenye mizizi ya mitume, ambalo halikuja na bendera ya mtawala. Walilipata Alexandria, nchini Misri, katika bara lao wenyewe, na mwaka 1946 Patriaki wa Kigiriki wa huko akawapokea rasmi.

Miaka sita baadaye serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, na makanisa yao pamoja na shule vikafungwa. Hapo ndipo Makarios anapoingia. Naye alikuwa amepelekwa uhamishoni Shelisheli na Waingereza hao hao, kwa kuwa alipinga utawala wao huko Kupro. Baadaye akawa rais wa nchi yake, na mwaka 1971 alikuja Kenya akabatiza watu kwa maelfu, na seminari ya Riruta ikaanzishwa kwa mkono wake. Alifariki mwaka 1977 kabla haijaanza kufundisha. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu msikilizaji wa ibada ile asipojua ilikotoka ataidhani ni desturi ya Ulaya iliyohamishwa ikaletwa Nairobi. Sivyo. Ilichaguliwa na watu waliokuwa na sababu.

Tulifika mapema, na bado tukakuta sala ya asubuhi ikiendelea, maana kwao Liturujia hutanguliwa na sala hiyo. Mlangoni watu hununua mshumaa mwembamba wa nta, huuwasha, huusimamisha kwenye mchanga, kisha huenda kuibusu ikona, ile picha takatifu. Mbele, kati ya watu na madhabahu, kuna ukuta wa ikona wenye milango, Kristo kuume, Mama yake kushoto. Padre akapita na chetezo chenye vikengele, akafukiza ubani mbele ya kila ikona, halafu akatugeukia akatufukizia na sisi, mmoja mmoja, mpaka kitoto kilichokuwa mgongoni mwa mama yake. Rafiki yangu akaninong’oneza kuwa na sisi tu ikona. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mwanadamu kuumbwa kwa mfano wa Mungu. Sikuwahi kuona yakifanywa kwa moshi.

Nilichokuja kukisikia, hata hivyo, kilikuwa uimbaji.

Upande wa kulia alisimama mwimbishaji, mzee mwembamba wa koti la kijivu, mbele ya kisimamio cha vitabu, na vijana watatu pembeni yake. Alipoanza mstari, vijana walishika noti moja ya chini wakaing’ang’ania. Hawakuitikisa. Mmoja akivuta pumzi, wawili wanaishikilia, kisha wanapokezana, kiasi kwamba noti ile haikukatika hata mara moja. Juu yake sauti ya mzee ikawa inapanda, inazunguka, inashuka na kutua. Nikatafuta sauti ya pili, haipo. Sauti ya tatu, haipo. Ni wimbo mmoja na sakafu yake, basi. Nilitoa kalamu nikajaribu kuuandika kwa do re mi mgongoni mwa karatasi, nikakuta kuna vituo kati ya mi na fa ambavyo nota zetu hazina jina lake. Baadaye mwimbishaji alinieleza kuwa nyimbo zao zimepangwa katika sauti nane, kila juma na sauti yake, na zikiisha nane mzunguko unaanza upya. Mzee yule anazijua zote kichwani.

Lakini ufundi wa mwimbishaji haukunigusa kama lilivyonigusa kusanyiko lenyewe. Padre akitaja ombi, kwa ajili ya amani, kwa ajili ya mazao ya nchi, kwa walio safarini, kwa wagonjwa na wafungwa, watu wote waliitikia kwa wimbo mfupi wa kumwomba Bwana ahurumie. Mara kwa Kiswahili, mara kwa Kikuyu, mara kwa Kigiriki. Waliitikia bila kitabu, bila mtu wa kuwapungia mkono, na bila spika. Nyuma yangu bibi mmoja aliimba kwa sauti iliyokwaruza, akishuka chini kabisa, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Kijana aliyevaa jezi ya mpira aliimba. Watoto waliimba. Nilijisikia nimesimama ndani ya sauti ya watu wenyewe.

Hapo niliona uchungu, nami nausema kwa sababu nalipenda kanisa langu. Katika sharika zetu nyingi za mjini kuimba kumehamia mbele. Kuna kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya akina mama, kila moja na wimbo wake, kinanda kimefunguliwa mpaka mwisho, na sisi wengine tumekaa tukirekodi kwa simu. Unapofika wimbo wa usharika, watu wanaimba ubeti wa kwanza na wa mwisho, kwa sauti ya chini, huku macho yakitafuta saa. Wakati Martin Luther mwenyewe alihangaika kurudisha wimbo kinywani mwa watu! Mwaka 1524 vilichapishwa vitabu vya kwanza vya nyimbo za Matengenezo, kwa lugha waliyoizungumza sokoni, ili muumini wa kawaida aache kuwa msikilizaji. Leo nimekwenda kumwona muumini huyo kwa Waorthodoksi.

Yako mengine niliyoyaona. Waliposema Imani ya Nikea nilisita mahali pamoja, kwa kuwa wao husema Roho Mtakatifu hutoka kwa Baba, wakaishia hapo. Sisi wa Magharibi huongeza “na Mwana”. Maneno hayo mawili yametenganisha makanisa kwa karne nyingi, na ni jambo jingine kabisa kuyasoma chuoni na kuyakosa masikioni ukiwa umezungukwa na watu. Mkate wao wa ushirika una hamira, na umepigwa muhuri juu. Divai hutiwa maji ya moto kidogo, mkate ukawekwa humo humo kikombeni, na padre huwalisha watu kwa kijiko, kitambaa chekundu kikiwa kimeshikwa chini ya kidevu. Walitangulia watoto wachanga. Mama alimwinua wake, padre akamwita kwa jina lake la ubatizo, kijiko kikaingia, mtoto akalamba midomo. Kwetu hungojea kipaimara. Sijabadili msimamo wangu juu ya mafundisho ya kipaimara, ila nitakuwa mwongo nikisema sikuliwaza jambo hilo njia nzima ya kurudi.

Sikushiriki, kwa sababu meza yao ni ya Waorthodoksi tu. Inauma kusimama pembeni ya meza ya Bwana, na sioni haja ya kuficha. Lakini mwisho wa ibada padre hugawa vipande vya mkate uliobarikiwa ambao si sakramenti. Bibi yule wa nyuma yangu alirudi na cha kwake, akakimega, akanipa nusu. “Chukua, mwanangu. Huu ni wa kila mtu.” Nikampokea kwa mikono miwili, nikamwambia ahsante sana, mama.

Na yako ambayo siwezi kuyakubali. Mahubiri yalikuwa mafupi mno kwa mtu aliyezoea Neno kufafanuliwa mstari kwa mstari. Tena nilitazama madhabahuni sikuona mwanamke. Kanisa langu liliruhusu wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990, na mimi nimebatiziwa watoto wangu na mmoja wao. Siwezi kuona hilo kuwa jambo dogo. Rafiki yangu anajua ninavyofikiri, nami najua anavyofikiri, na bado tunakula pamoja.

Lakini uimbaji hauhitaji sinodi wala mabadiliko ya katiba. Walimu wenzangu wa kwaya, hili liko mikononi mwetu wiki hii. Jumapili moja katika mwezi zimeni spika na mfunike kinanda. Chagueni katika kitabu chetu cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, wimbo ambao hata bibi asiyeona vizuri anaujua. Iondoeni kwaya mbele, muitawanye katikati ya watu, sauti ya kwanza huku, besi kule. Mwimbishaji mmoja aanzishe, kisha anyamaze. Na wachungaji wetu, tunawaomba: msiutangaze wimbo kisha mkaukata. Subirini hadi beti zote ziishe.