Gari la Kujiundia Gereji

Hapa Uingereza mtu anaweza kujiundia gari la michezo mwenyewe. Lotus Seven ilianza mwaka 1957. Aliyenunua vipande akaviunganisha nyumbani hakutozwa kodi ya ununuzi kama aliyenunua gari zima. Tangu 1973 linaundwa na Caterham. Ni jepesi, halifiki kilo 700, kwa hiyo injini ndogo hulikimbiza vizuri.

Wengine hupunguza gharama kwa kutumia injini na giaboksi za gari kuukuu, kama Mazda MX-5. Sawa, lakini msibanie pesa kwenye breki na mikanda. Mimi ni muuguzi: mwili hauna vipuri dukani. Kabla ya kusajiliwa, gari lifaulu ukaguzi wa serikali. Rahisi ni ghali.