Mchezaji Mmoja, Misimu Miwili: Utangulizi

Kama unawakumbuka Suleiman Nyambui wa Tanzania na Henry Rono wa Kenya, somo hili tayari unalijua nusu. Wote wawili walikimbia wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani: Nyambui katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Rono katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Mwaka 1978 Rono alivunja rekodi nne za dunia katika muda usiotimia miezi mitatu, huku akiwa bado mwanafunzi. Upande wa riadha, basi, si mgeni kwetu. Aliye mgeni ni mwanafunzi anayecheza futiboli ya Kimarekani wakati wa vuli, kisha machipuko yakifika akavaa viatu vya misumari na kwenda kushindana mbio.

Tuanze na futiboli yenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotea. Si kandanda yetu. Ni mchezo wa timu mbili za watu 11, na mpira wake uliochongoka pande mbili hubebwa na kurushwa kwa mikono. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10 (yadi ni fupi kidogo kuliko mita). Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kila jaribio huisha kwa sekunde chache, kisha wachezaji hujipanga upya. Usilisahau jambo hilo la sekunde chache. Mtu mwingine wa kumjua ni mpokeaji, yaani mchezaji anayechomoka kwenda mbele kudaka pasi. Wakimbiaji wengi hupangwa nafasi hiyo.

Pengine unajiuliza: chuo kikuu kinatafuta nini katika haya yote? Swali zuri. Kwetu michezo ya chuo ni burudani ya baada ya masomo. Kule Marekani ni tamasha kubwa: uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huchukua watazamaji zaidi ya 107,000, ilhali Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam huchukua 60,000. Michezo hiyo ya vyuo husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1906, na ndicho kinachoamua mwanafunzi acheze miaka mingapi na kwa masharti gani.

Sasa tazama kalenda. Futiboli huanza mwishoni mwa Agosti, na msimu wake wa kawaida humalizika mwanzoni mwa Desemba. Riadha ya ndani ya ukumbi huchukua Januari hadi Machi, halafu ile ya nje huendelea hadi Juni. Ukiiangalia kwenye karatasi, misimu haigongani. Inagongana kwenye mazoezi: kila machipuko kocha wa futiboli hukusanya vijana wake na kuanza kupima nani atamfaa vuli ijayo, na wakati huohuo mkimbiaji yuko safarini kushindana. Ndiyo maana naona kipaji kinasifiwa kupita kiasi katika habari hizi. Vijana wenye mbio na nguvu ni wengi. Wanaoruhusiwa na kocha wa futiboli kukosa mazoezi ni wachache.

Kulikuwa pia na hesabu ya fedha. Kwa miaka mingi chuo kikubwa kiliruhusiwa kulipia masomo ya wachezaji 85 wa futiboli, lakini riadha ya wanaume ilikuwa na nafasi 12.6 tu, ambazo kocha aliwagawia wanariadha wengi vipande vipande. Aliyecheza michezo yote miwili alihesabiwa upande wa futiboli. Kocha wa riadha, kwa hiyo, alimpata mkimbiaji bila kutumia hata chembe ya fungu lake! Mwaka 2025 mipaka hiyo iliondolewa, ikawekwa mipaka ya idadi ya wachezaji wa kila kikosi.

Tukiingia kwenye mwili, ndipo somo linaponoga. Kasi ya uwanja wa riadha na kasi ya futiboli ni ndugu, si pacha. Mkimbiaji bora wa mita 100 huendelea kuongeza mwendo hata baada ya mita 50. Kipimo maarufu cha futiboli ni yadi 40, yaani karibu mita 36.6; kinaisha kabla mkimbiaji huyo hajafikia kilele chake. Kwa kuwa kila jaribio huisha kwa sekunde chache, mchezaji wa futiboli anahitaji hatua za kwanza, breki, na kugeuka ghafla.

Hata hivyo kasi tupu ikizidi, mchezo wenyewe hubadilika. Bob Hayes wa Chuo cha Florida A&M alishinda mita 100 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Tafuta filamu ya fainali ya kupokezana vijiti ya michezo hiyo: anapokea kijiti wenzake wakiwa nyuma, anamaliza wa kwanza. Alipojiunga na timu ya futiboli ya kulipwa ya Dallas Cowboys, hakuna mlinzi mmoja aliyeweza kumfuata peke yake, na mara nyingi yeye hutajwa kuwa sababu mojawapo ya timu kuanza kulinda maeneo ya uwanja badala ya kumganda mtu. Wala usidhani ni wakimbiaji pekee: Michael Carter alipata fedha ya kurusha tufe mwaka 1984 Los Angeles, na Januari iliyofuata akatwaa ubingwa wa futiboli ya kulipwa na timu ya San Francisco.

Lakini wa kumsoma kwa makini ni Devon Allen wa Chuo Kikuu cha Oregon. Juni 2014 alitwaa ubingwa wa vyuo na wa taifa katika mita 110 kuruka viunzi, na vuli hiyo akawa mpokeaji. Januari 2015 aliumia goti katika mechi ya futiboli iitwayo Rose Bowl. Akapona, akawa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akarudi kwenye futiboli, akaumia goti la pili. Miaka kadhaa akabaki na viunzi tu, hadi timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles ilipomsajili mwaka 2022.

Julai mwaka huo, katika fainali ya viunzi ya ubingwa wa dunia mjini Eugene, kwenye uwanja wa chuo chake, aliondolewa. Vibao vya kuanzia vina vipima muda. Anayeondoka chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio huhesabiwa kuwa ameubahatisha, kwani inachukuliwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kuitikia upesi hivyo. Yeye alipimwa 0.099. Katika futiboli, anayechomoka kabla ya wakati huigharimu timu yake yadi tano, kisha mchezo huendelea. Agosti ileile, katika mechi ya maandalizi dhidi ya Cleveland, Allen alidaka pasi ndefu na kufunga.