Picha moja, nyumba mbili: Familia za Quionga na kumbukumbu zinazovuka Ruvuma

QUIONGA, Cabo Delgado: Mwaka 1916, baada ya majeshi ya Ureno kuutwaa tena mji huu kutoka kwa Wajerumani, zilitolewa stempu nne zenye jina lake, ambalo wakati ule liliandikwa Kionga. Stempu hizo bado zinatafutwa na wakusanyaji wa stempu duniani. Sura iliyomo ni ya Mfalme Carlos wa Kwanza wa Ureno, aliyeuawa Lisbon mwaka 1908. Zilikuwa stempu za zamani za Lourenço Marques, Maputo ya leo, zilizopigwa chapa mpya juu yake. Hakuna ndani yake mvuvi, bibi wala mtoto wa Quionga.

Sura za watu wa Quionga hutafutwa kwingine: ukutani sebuleni, chini ya nguo sandukuni, katikati ya kurasa za daftari la shule, na siku hizi ndani ya simu ya mkononi. Ni picha ya watoto waliovalishwa nguo mpya siku ya Idi. Ni ya bi harusi na mashoga zake waliojifunga capulana za sare, nyuso zao zimepakwa msiro mweupe. Ni ya baba akiwa kijana, ameegemea baiskeli.

Kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kilambo upande wa Mtwara, wakashukia Namoto na kushika njia ya Quionga na Palma, picha za namna hii ni kitu cha kawaida kuonyeshwa wanapokaribishwa chai. Lakini katika ukanda huu picha ya familia ina kazi kubwa kuliko kupamba ukuta. Mara nyingi ndiyo inayoonyesha nani ni ndugu wa nani, mahali ambapo mpaka na vita vimewatawanya watu zaidi ya mara moja.

Mto uliopita katikati ya ukoo

Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuwa Mto Ruvuma uwe mpaka kati ya makoloni yao. Wenyewe wa pande zote mbili hawakuulizwa. Mwaka 1894 Wajerumani walivuka mto na kuikalia Quionga, wakabaki hapo hadi Aprili 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, eneo hilo likathibitishwa kuwa sehemu ya Msumbiji. Hivyo mtu mwenye umri mrefu aliweza kuishi chini ya bendera tatu au zaidi bila kuhama kijijini kwake, huku binamu zake ng'ambo wakiwa raia wa nchi nyingine.

Baadaye vikaja vita vya ukombozi. Risasi ya kwanza ya FRELIMO ilipigwa Chai, katika mkoa huuhuu wa Cabo Delgado, Septemba 25, 1964. Maelfu ya watu walivuka Ruvuma kukimbilia Tanzania. Wapo waliooana na kuzaa huko. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, baadhi walirudi na baadhi wakabaki. Ndiyo sababu ukoo mmoja unaweza kuwa na nyumba Quionga na nyumba Mtwara, watu wake wakizungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Tofauti ni kwamba watoto wa upande mmoja wanasoma Kireno shuleni, na wa upande wa pili Kiingereza.

Katika ukoo kama huo, picha ya utotoni ni ushahidi. Anayeulizwa "wewe ni wa nani?" hutaja jina la babu. Akiwa na picha ya babu huyo akiwa amempakata, maneno hayahitajiki tena.

Pwani imezoea kusafiri na picha

Desturi ya kutumia picha kuziba pengo la umbali si ya Quionga peke yake. Pwani yote ya Waswahili inayo. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi vya familia vilikwenda hapo kupigwa picha za harusi, za sikukuu na za kuagana. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, na Lamu kulikuwa na ya Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa picha zake za kukatwa na kuunganishwa kwa mkono.

Wafanyabiashara wanaopita Mombasa huenda wakawakumbuka wapiga picha wa kivuko cha Likoni wa miaka ya 1990. Vibanda vyao vilikuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majengo makubwa. Wateja wao wengi walikuwa vibarua waliotoka bara kutafuta kazi. Waliposafishiwa picha, walizituma nyumbani. Mama aliyeko kijijini alipoiona, alijua mwanawe yu hai na amevaa vizuri, hata kama ndege iliyo nyuma yake ilikuwa ya rangi tu.

Hilo mchuuzi yeyote wa mpakani analielewa. Anayekaa wiki tatu ng'ambo akisubiri mzigo anajua thamani ya kutazama sura ya mtoto aliyemwacha.

Machi 2021

Machi 24, 2021, wapiganaji walioanza mashambulizi yao Mocímboa da Praia Oktoba 2017 waliuvamia mji wa Palma, kusini mwa Quionga. Maelfu walikimbia porini, wengine kwa mashua kuelekea Pemba, wengine kaskazini kuelekea Ruvuma. Kufikia mwaka 2022, watu takriban milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao kutokana na vita vya Cabo Delgado.

Anayekimbia hubeba mtoto, maji, na karatasi za serikali akizikumbuka. Albamu hubaki. Nyumba ikichomwa, huchomeka na picha za miaka arobaini. Simu nayo huibwa, huzimika, au huangukia mtoni. Kwa wengine, picha pekee iliyobaki ni ile ndogo iliyobandikwa kwenye kitambulisho, ambayo mtu haruhusiwi hata kutabasamu.

Waliofika ng'ambo hawakusalimika wote. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilieleza mwaka huo kuwa maelfu ya watu waliovuka kuingia Tanzania walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, na kwamba katika purukushani hizo wapo wanafamilia waliotenganishwa. Ni jambo zito kulisema katika ukanda unaohubiri undugu wa majirani, lakini ndilo lililotokea.

Picha inaweza kusaidia pale watu wanapopotezana. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, watoto wengi walifika Goma bila wazazi, na wengine walikuwa wadogo mno kutaja hata jina la baba. UNICEF na Msalaba Mwekundu waliwapiga picha, na picha hizo zikaonyeshwa makambini ili jamaa wazitazame. Wapo watoto waliorudi kwao kwa sababu shangazi au jirani aliitambua sura.

Nakala ng'ambo ya pili

Kutokana na hayo yote, somo kwa familia za mpakani ni moja: picha isikae nyumba moja. Nakala ya Quionga iwe na mwenziwe Mtwara, na ya Mtwara iwe na mwenziwe Quionga. Palipoungua huku, kule pamebaki. Waliowahi kupeleka picha kwa ndugu wa ng'ambo miaka ya amani walikuwa, bila kujua, wameweka akiba.

Na wabebaji wapo. Mtu anayevuka na sukari, sabuni au samaki mkavu anaweza kubeba bahasha moja isiyo na uzito wala ushuru. Mambo machache ya kuzingatia:

Picha zilizo kwenye simu zisafishwe kwenye karatasi, hata chache tu zilizo muhimu: wazee, harusi, watoto, nyumba. Simu ikifa, karatasi hubaki.

Nyuma ya kila picha yaandikwe majina, mahali na mwaka. Mwaka usipojulikana, itajwe harusi ya nani au Idi ya mwaka gani. Wazee waulizwe sasa, maana wao ndio wanaozijua sura za waliokwisha kufariki.

Picha ya zamani isitolewe yenyewe. Ipigwe kwa simu mahali penye mwanga, nakala isafishwe, na ile ya asili ibaki kwa mwenyewe.

Bahasha ihifadhiwe ndani ya mfuko wa nailoni, hasa kwa wanaovuka kwa mtumbwi.

Wala mtu asichanganye picha za familia na picha za askari, kambi au vituo vya mpakani katika simu moja. Katika eneo lililopitiwa na vita, picha ya namna hiyo inaweza kumletea mtu mashaka kwenye kizuizi, na albamu nzima ikapotea pamoja na simu.

Tangu mwaka 2021 waliokimbia Palma na vijiji vyake wamekuwa wakirejea kwa awamu. Paa jipya hununuliwa, na mashua hutengenezwa upya. Picha ya mama akiwa msichana hainunuliki dukani. Kwa familia nyingi, kama ingalipo, ipo kwa ndugu aliye upande wa pili wa mto, na mfanyabiashara atakayevuka wiki ijayo anaweza kuiulizia.